Panya Haugui Alzheimer, Lakini Hutufunza Kuupima

Panya akiachwa aishi maisha yake ya kawaida hafi kwa ugonjwa wa Alzheimer. Huzeeka ndani ya miaka miwili au mitatu, wepesi wake hupungua, kisha hufa, na ukiupasua ubongo wake hukuti mabonge ya amiloidi wala vifundo vya tau, zile protini zilizogandamana ambazo Alois Alzheimer alizieleza mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa Auguste Deter, mgonjwa wake wa Frankfurt. Amiloidi ya panya inatofautiana na yetu kwa asidi amino tatu tu, lakini tofauti hiyo inatosha kuifanya isigandamane kirahisi. Kwa hiyo panya wanaotajwa katika habari kuwa wana Alzheimer ni panya waliopandikizwa jeni za binadamu, na mara nyingi jeni zenye hitilafu za kurithi ambazo wagonjwa walio wengi hawana. Mtu akiyajua hayo ana haki ya kuuliza kwa nini maabara za Marekani, Uingereza na Japani zimekuwa zikiwalaza wanyama hawa ndani ya mashine za MRI na kufuatilia mwendo wa maji katika bongo zao. Jibu ninalolitetea hapa ni hili: katika kazi hiyo panya hasimami badala ya mgonjwa. Kazi yake ni kukihakiki kipimo. Kwake yeye picha ya ubongo ulio hai inaweza kuwekwa kando ya ubongo wenyewe, uliokatwa vipande, ukapakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, bila kungoja miaka mingi. Anayemdai zaidi ya hapo anamdai asichonacho, na anayemkataa kabisa atabaki na picha asizojua maana yake.

Tuanze na kinachopimwa. Picha ya kawaida ya MRI huonyesha umbo: ubongo umenywea wapi, na nafasi za maji ndani yake zimepanuka kiasi gani. Katika Alzheimer dalili hizo huchelewa kuonekana, kwa kuwa seli nyingi huwa zimeshakufa. Kipimo cha usambaaji kinaangalia jambo jingine, yaani namna maji yanavyotembea ndani ya tishu. Molekuli za maji hazitulii kamwe. Joto huzisukuma huku na huko bila mpango, mwendo ambao Albert Einstein aliupigia hesabu mwaka 1905. Katika maji matupu yenye joto la mwili, ndani ya milisekunde 50, molekuli husogea kwa wastani maikroni 17 hivi katika mwelekeo mmoja. Ndani ya ubongo, kwa muda uleule, husogea kama maikroni 10 au pungufu, maana inazuiwa na kuta za seli, na nyuzi za neva, na mayelini, ile ala ya mafuta inayozifunika nyuzi hizo. Umbali huo unakaribiana na ukubwa wa seli, ndiyo maana mwendo wa maji hubeba habari za vitu vidogo ambavyo mashine yenyewe haiwezi kuviona. Watu wakitawanyika uwanjani huenda kila upande. Wakitawanyika katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hufuata njia, kwa kuwa kuta haziwaachi wapite pengine. Maji yaliyo ndani ya kifungu cha neva nayo huenda kwa wepesi yakifuata nyuzi, na kwa shida yakizikata. Kuta zikiharibika mwendo hubadilika, na badiliko hilo husomwa bila kulifungua fuvu.

Msingi wa kuusoma mwendo huo uliwekwa na Edward Stejskal na John Tanner mwaka 1965. Kwa kitambo kifupi mashine huongeza nguvu ya sumaku inayotofautiana kutoka upande mmoja hadi mwingine, hivyo kila molekuli hupata alama inayolingana na mahali ilipo. Muda mfupi baadaye nguvu hiyo hurudiwa kwa namna ya kuifuta alama ile. Molekuli iliyobaki palepale hufutika alama yake barabara. Iliyohama haifutiki sawasawa, na ishara inayorudi hufifia. Kadiri maji yanavyosafiri mbali ndivyo ishara inavyopungua. Katikati ya miaka ya 1980 Denis Le Bihan wa Ufaransa aliitumia mbinu hii kupata picha za ubongo wa binadamu, na mwaka 1994 yeye, Peter Basser na James Mattiello walionyesha jinsi ya kukokotoa mwelekeo wa mwendo huo katika kila vokseli, yaani kila kijisanduku kinachounda picha, endapo vipimo vitachukuliwa kutoka angalau pande sita. Hesabu hiyo hutoa tarakimu nne ambazo hutajwa katika karibu kila utafiti wa aina hii: wastani wa usambaaji, usambaaji wa kufuata nyuzi, usambaaji wa kuzikata nyuzi, na kiwango cha mwelekeo, ambacho huwa 0 maji yanapokwenda sawa pande zote na hukaribia 1 yanapofuata njia moja.

Tarakimu hizo ni za maji, si za ugonjwa. Usambaaji wa kuzikata nyuzi ukiongezeka, huenda mayelini imepungua, huenda nyuzi zimekufa na kuacha nafasi, au huenda tishu imevimba. Kiwango cha mwelekeo kikishuka, sababu zinaweza kuwa hizohizo au nyingine kabisa. Kwa mgonjwa aliye hai hakuna njia ya kukata shauri, kwani hakuna daktari atakayekata kipande cha ubongo ili kuhakikisha picha yake. Ubongo wa marehemu nao hupatikana miaka mingi baada ya picha, ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Pengo hili ndilo ambalo panya alianza kuliziba hata kabla kipimo hiki hakijatumiwa kwa panya wa Alzheimer. Mwaka 2002 Sheng-Kwei Song na wenzake walipima panya wa ukoo unaoitwa shiverer, ambao kwa hitilafu ya jeni hawawezi kutengeneza mayelini iliyoshikamana. Usambaaji wa kuzikata nyuzi ulikuwa mkubwa kuliko wa panya wa kawaida, ilhali ule wa kufuata nyuzi haukubadilika. Mwaka uliofuata kundi hilo lilikatiza kwa muda damu ya retina na kuufuatilia mshipa wa neva ya jicho. Kwanza ulishuka usambaaji wa kufuata nyuzi, wakati nyuzi zilipokuwa zikifa na mayelini ikiwa bado nzima. Siku chache baadaye, mayelini ilipoanza kuharibika, ukapanda usambaaji wa kuzikata. Kila hatua ilithibitishwa kwa hadubini. Hapo ndipo tarakimu mbili za maji zilipoanza kuwa na maana katika tishu.

Panya wa Alzheimer walikuwa wameshapatikana. Ukoo wa PDAPP ulitangazwa mwaka 1995, na mwaka 1996 Karen Hsiao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakatangaza Tg2576, panya mwenye jeni ya hitilafu iliyogunduliwa katika familia ya Sweden. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapima PDAPP kwa usambaaji na kuchapisha matokeo mwaka 2004, kisha Tg2576 mwaka 2005. Katika koo zote mbili sehemu nyeupe ya ubongo, yaani ile iliyojaa nyuzi za neva, ilionyesha mabadiliko yaliyokwenda na umri. Hilo lilikuwa na uzito wake, kwa sababu kwa muda mrefu Alzheimer ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa sehemu ya kijivu, zilimo seli zenyewe. Kwa upande wa tau, panya wa ukoo wa rTg4510 hujaa vifundo na kupoteza nyuroni nyingi kabla hawajatimiza mwaka. Watafiti wa London, waliotumia hesabu mpya iliyobuniwa mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha London, University College, kukadiria msongamano wa matawi ya nyuroni, waliripoti mwaka 2016 kwamba makadirio hayo yalihusiana na kiasi cha tau walichokihesabu katika vipande vya bongo zilezile. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Duke kilikwenda mbali zaidi: bongo za panya waliokufa zilipigwa picha kwa vokseli za maikroni 15, kisha zikafanywa angavu na kupigwa picha upya kwa hadubini ya mwanga, na picha za aina mbili zikalinganishwa sehemu kwa sehemu. Hakuna mgonjwa anayeweza kufanyiwa hayo.

Ulinganisho wa namna hii umetuondolea pia dhana rahisi kwamba ugonjwa ukizidi usambaaji nao lazima uongezeke. Seli za kinga za ubongo zinapoamshwa na amiloidi huvimba na kuongezeka, nafasi kati ya seli hubanwa, na maji hupata shida ya kupita. Katika hatua hiyo wastani wa usambaaji unaweza kushuka. Baadaye seli zinapokufa na nafasi kufunguka, hupanda. Utafiti wa Barcelona uliochapishwa mwaka 2018 uliona mwenendo wa namna hiyo kwa binadamu: sehemu ya kijivu ilionyesha usambaaji mdogo mwanzoni, kabla ya dalili, na mkubwa pale ugonjwa ulipokomaa. Maana yake ni kwamba mtu aliye katikati ya safari hiyo anaweza kupata tarakimu sawa na ya mtu mzima wa afya, kwa kuwa kushuka na kupanda kumefutana. Asiyejua sababu ya kila badiliko angesema hana kitu.

Inafaa pia kuona kazi yenyewe inavyofanyika, maana nguvu na udhaifu wa kipimo hujificha katika mambo madogo. Panya mwenye ubongo usiofika nusu gramu hulazwa kwenye kitanda chembamba, meno ya mbele yakishikwa na kijiti ili kichwa kisitikisike, huku akivuta gesi ya isoflureni inayomlaza usingizi. Chini ya tumbo huwekwa kitambuzi cha pumzi, na hewa au maji ya moto hupitishwa karibu naye. Joto hilo si la kumbembeleza. Mnyama aliyelazwa usingizi hupoa upesi, na usambaaji wa maji hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoshuka. Tofauti inayotafutwa kati ya panya mgonjwa na mzima inaweza kuwa asilimia chache tu, kwa hiyo kikundi kimoja cha panya kikipoa kidogo kuliko kingine, baridi itasomwa kuwa ni ugonjwa. Mashine nazo ni za kiwango kingine: hospitali hutumia sumaku zenye nguvu ya tesla 1.5 au 3, maabara za panya hutumia 7, 9.4 au hata 11.7. Pamoja na nguvu yote hiyo, vokseli ya panya aliye hai huwa na upana wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita, na kopasi kolosumu, daraja la neva linaloziunganisha pande mbili za ubongo, kwake ni ukanda wa vokseli chache. Kijisanduku kikigusa maji ya chemba zilizo jirani, tarakimu yake huharibika.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba panya wameshatudanganya. Mwaka 1999 chanjo dhidi ya amiloidi iliwazuia panya wa PDAPP wasipate mabonge, na dunia ikashangilia. Majaribio ya binadamu yakasimamishwa mwaka 2002 baada ya wagonjwa 18 kati ya 298 kupata uvimbe wa ubongo na utando wake. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa baadhi ya waliochanjwa walikuwa wamesafishika mabonge, lakini akili zao ziliendelea kuzorota hadi kufa. Tukiitazama habari hiyo kwa makini, itaonekana kuwa panya hakukosea swali aliloulizwa. Aliulizwa kama chanjo huondoa mabonge, akajibu ndiyo, na kwa binadamu nako ikawa hivyo. Kosa lilikuwa la kudhani kwamba jibu hilo linatosha kuahidi kupona. Swali la kipimo cha usambaaji ni finyu kuliko la tiba: je, mayelini ikipungua, tarakimu hii hupanda? Mayelini ya panya na ya binadamu hutengenezwa na seli za aina moja na kuzuia maji kwa namna moja. Jibu la swali kama hilo lina haki ya kuvuka kutoka kwa panya kuja kwetu, ingawa tiba haina.

Pingamizi la pili linasema matokeo ya panya yanapingana. Ni kweli. Watafiti wa Manitoba, Kanada, waliwachunguza panya wazee wa ukoo wa 3xTg, wenye mabonge na vifundo pamoja, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba hawakuona uharibifu wa sehemu nyeupe. Wengine wameona usambaaji ukishuka mahali ambapo wenzao waliuona ukipanda. Hata binadamu wametoa matokeo ya kushangaza: mahali ambapo vifungu viwili vya neva vinakatana, kimoja kikidhoofika kiwango cha mwelekeo hupanda, na mgonjwa huonekana kana kwamba nyuzi zake zimeimarika. Lakini mgongano wa aina hii huvunja hoja ya yule tu aliyetarajia kuona alama moja ya Alzheimer. Kila ukoo wa panya una jeni zake, umri wake wa kuugua na aina yake ya uharibifu. Kipimo ambacho kingeona mabadiliko katika kila panya mwenye amiloidi, awe na nyuzi nzima au zilizoharibika, ndicho ambacho kingetia shaka. Kilichofunzwa na matokeo ya Manitoba ni kwamba amiloidi na tau zinaweza kuwapo bila nyuzi kuharibika, na kwamba usambaaji unasoma hali ya nyuzi, hauhesabu protini. Ila lazima tukiri mpaka wake: sehemu nyeupe ni kama moja ya kumi tu ya ubongo wa panya, ilhali kwa binadamu hukaribia nusu, kwa hiyo mahali ugonjwa unapoanzia na kasi yake haviwezi kunakiliwa moja kwa moja.

Wapo pia wanaouliza kama kazi yote hii haijapitwa na wakati. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha damu kinachosaidia kutambua amiloidi ya ubongo, na picha za PET zimekuwa zikiionyesha amiloidi kwa zaidi ya miaka 20. Vipimo hivyo ni vya thamani, lakini damu husema protini ipo bila kusema ni wapi wala imeharibu nini. PET huhitaji dawa ya mionzi, na florini ya mionzi inayotumika sana hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110, jambo linalozibana nchi zisizo na mitambo ya kuitengeneza karibu. Kipimo cha usambaaji hakihitaji dawa yoyote ya kuingiza mwilini, na mashine nyingi za MRI za hospitali zinaweza kukifanya. Hili linatuhusu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensha, yaani kuzorota kwa kumbukumbu na akili, na Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 60 ya wenye dimensha duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa mpya kama lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, huondoa mabonge na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi. Kujua kama nyuzi za neva nazo zinaokoka ni swali tofauti, na linahitaji kipimo kinachosoma nyuzi.

Linabaki suala la wanyama wenyewe. Wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, walitoa mwaka 1959 kanuni tatu ambazo maabara nyingi hufuata hadi leo: badala ya mnyama tumia njia nyingine panapowezekana, punguza idadi, na punguza mateso. Picha ina nafasi katika kanuni ya pili, kwa sababu panya mmoja anaweza kupimwa akiwa na miezi mitatu, sita na kumi na miwili, badala ya kuua kundi jipya kila safari. Hata hivyo hoja niliyoitoa inataka panya huyo mwishowe auawe na ubongo wake ukatwe, vinginevyo uhakiki haupo. Kwa hiyo utafiti wa panya unaoishia kwenye picha pekee, bila hadubini, umetumia uhai wa mnyama kupata kile ambacho tungeweza kukipata kwa binadamu anayejitolea kulala dakika chache ndani ya mashine. Hapo mwenye pingamizi ana haki, na wanaotoa vibali na fedha za utafiti wangefaa kulitazama jambo hilo.

Msomaji atakutana na habari za panya tena na tena, mara amepona, mara kasoro imegunduliwa miezi kabla ya dalili. Maswali matatu yatamsaidia kuzipima. Panya huyo alipandikizwa jeni gani, na je, hitilafu hiyo ni ya Alzheimer au ya ugonjwa jirani? Tarakimu ya picha ililinganishwa na tishu ya mnyama yuleyule, au imeachwa ijieleze yenyewe? Na dai linalotolewa ni juu ya kipimo au juu ya tiba? Dai la kipimo lililothibitishwa kwa hadubini linastahili kusikilizwa, kwa kuwa litamfaa daktari anayesoma picha ya mtu. Dai la tiba lisubiri majaribio ya binadamu, kwa kuwa kujua kama mtu atapona si kazi ambayo panya aliwahi kuweza kuifanya kwa niaba yetu.